Jinsi ya kumtambua kirukanjia wa miamba bila kumkanyagia mayai

Kwenye vilima vya mawe vya Dodoma, mtu anayehesabu wanyama anaweza kumpita kirukanjia anayeatamia bila kumwona. Ndege huyu, Caprimulgus tristigma, hajengi kiota. Hutaga juu ya jabali tupu, na manyoya yake yana rangi ya jabali hilohilo.

1. Aga kwanza. Mwarifu mtendaji wa kijiji. Ukionekana na tochi mlimani usiku, watu watajua unatafuta madini.

2. Sikiliza. Fika kabla jua halijazama, kaa, zima taa. Giza likiingia dume huita kwa sauti ya mibweko miwili, "wau-wau", akirudia kwa mdundo uleule. Karibu na nyumba utadhani ni mbwa mdogo. Andika uelekeo.

3. Mulika. Tochi uivae kichwani. Mwanga usipotoka karibu na macho yako hutaona macho yake yaking'aa mekundu. Vinukta vidogo vinavyometameta chini ni buibui. Vaa buti, maana kifutu naye hulala hapohapo.

4. Rudi asubuhi na darubini. Kagua jabali kutoka mbali, polepole. Umbo zima la ndege halitaonekana. Tafuta ufa wa jicho lililofumbwa nusu.

5. Akiruka miguuni pako, simama papo hapo. Wengi humfuata ndege kwa macho huku miguu inatembea, na mayai yako hatua moja mbele. Akiburuza bawa kana kwamba limevunjika, anakuvuta uyaache. Usimfuate. Tazama pale alipotoka: mayai huwa 2, mara nyingine 1. Piga picha ukiwa umesimama, kisha rudi kwa njia uliyojia. Kuanzia saa nne sitaki mtu akae karibu kabisa: jua la Dodoma juu ya jabali huliivisha yai lisilo na mzazi wa kulikinga, na kunguru hutazama watu wanainamia wapi.

6. Hakikisha. Huyu ni mweusi-mweusi, hana ukosi wa hudhurungi shingoni. Dume ana nyeupe kwenye ncha za manyoya ya pembeni mwa mkia. Kati ya Oktoba na Aprili huja pia kirukanjia wa Ulaya, lakini yule hazaliani huku, na mchana hupenda kulala juu ya tawi.

7. Rekodi. Saa, mteremko, aina ya jiwe, nukta ya GPS. Ukipeleka eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, taja kilima tu. Nukta ya mayai ibaki daftarini.