Kutofautisha Nguvu ya Mbegu na Bahati ya Shamba: Ushauri kwa Vikundi vya Wakulima Wanaofanya Majaribio

Kila msimu wakulima wa mahindi huletewa mbegu mpya, mbolea mpya ya kukuzia au dawa mpya ya kunyunyizia majani, na mara nyingi hukumu hutolewa kwa njia ileile: mkulima anapanda kipya upande mmoja wa shamba na cha zamani upande wa pili, anavuna, anahesabu magunia, kisha anatangaza mshindi. Njia hii haiwezi kutoa jibu la kuaminika. Hata ukipanda mbegu ileile pande zote mbili, kwa mbolea ileile na palizi ya siku moja, hutavuna sawa, kwa sababu ardhi yenyewe haiko sawa. Palipowahi kuwa na zizi la ng'ombe mahindi hukoza kijani na kurefuka, chini ya mwembe hudumaa, na upande wa bondeni hukaa na unyevu siku nyingi zaidi mvua zinapokatika. Kwa hiyo kabla ya kusifu mbegu, mkulima anapaswa kuuliza kama tofauti aliyoiona ingeweza kuletwa na shamba peke yake, bila mbegu kuchangia chochote.

Swali hilo ndilo kiini cha upimaji wa nadharia tete (yaani dhana inayosubiri kupimwa kwa ushahidi) katika takwimu, na historia yake ina uhusiano wa karibu na kilimo. William Sealy Gosset, aliyeajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alilazimika kufanya maamuzi kutokana na vipimo vichache tu, na mwaka 1908 alichapisha, kwa jina la bandia la Student, hesabu iliyozaa kile tunachokiita leo kipimo cha t, yaani njia ya kupima kama wastani wa tofauti ni mkubwa kuliko ule unaoweza kuletwa na bahati. Ronald Fisher alianza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, ambako majaribio ya mbolea kwenye ngano yalikuwa yakiendelea tangu 1843, na huko ndiko alikojenga kanuni ya kugawa vitalu, yaani vipande vidogo vya shamba, kwa nasibu, kama kwa kura. Mkulima anayefuata kanuni hizi anatumia maarifa yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba kama lake.

Tuanze na mpangilio, maana jaribio lililopangwa vibaya halitengenezwi na hesabu yoyote baadaye. Usigawe shamba pande mbili. Tengeneza jozi za vitalu vidogo vinavyopakana, kila jozi ikiwa mahali ambapo udongo na mteremko vinafanana. Kwa mahindi yenye nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, kitalu cha mistari sita chenye urefu wa mita 6 kinatosha. Wakati wa kuvuna acha mistari miwili ya pembeni, na acha nusu mita kila mwisho, kwa kuwa mimea ya ukingoni hunyang'anyana mwanga na mbolea na jirani yake. Utabaki na eneo la mita 3 kwa mita 5, yaani mita za mraba 15. Katika kila jozi, rusha sarafu ili kuamua kitalu kipi kipate mbegu mpya. Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, nami naisisitiza kuliko zote, kwa sababu mkulima anayechagua mwenyewe huipa mbegu aliyoitumainia mahali pazuri, hata asipokusudia. Mengine yote yawe sawa: tarehe ya kupanda, idadi ya mbegu kwa shimo, kiasi cha mbolea za DAP na UREA, palizi, na ukaguzi wa viwavijeshi vamizi. Punje zikaushwe hadi kiwango kimoja cha unyevu kabla ya kupimwa, la sivyo utalinganisha maji.

Sasa nadharia tete. Tunaanza kwa kudhani kwamba mbegu mpya haina tofauti na ya zamani. Dhana hii huitwa nadharia tete ya sifuri, na tunaishikilia mpaka ushahidi utulazimishe kuiacha. Kama ni ya kweli, basi katika kila jozi kitalu cha mbegu mpya kina nafasi sawa ya kushinda au kushindwa, kama sarafu ileile tuliyoirusha. Ukiwa na jozi tano na mbegu mpya ikashinda zote, uwezekano wa matokeo ya upande mmoja kiasi hicho kutokea kwa bahati tu ni 2 kati ya 32, yaani zaidi kidogo ya asilimia 6. Ukiwa na jozi sita na ikashinda zote, uwezekano hushuka hadi 2 kati ya 64, karibu asilimia 3. Watafiti wengi wamezoea kuweka mpaka katika asilimia 5, yaani huikataa nadharia tete ya sifuri uwezekano huo ukiwa chini ya hapo, na mpaka huo unapaswa kuamuliwa kabla ya kupanda, si baada ya kuona magunia. Kwa njia hii ya kuhesabu washindi, kikundi chenye jozi chini ya sita hakiwezi kuufikia mpaka huo hata mbegu yake ikiwa nzuri kweli.

Kuhesabu washindi, hata hivyo, kunapoteza habari nyingi. Tuchukue mfano wa kubuni wa jozi nane, ambapo mavuno ya kitalu cha mbegu mpya yakitolewa ya mbegu ya zamani yanatoa tofauti hizi kwa kilo: 0.9, 0.4, -0.3, 0.7, 0.6, 0.2, 0.8 na -0.1. Mbegu mpya imeshinda mara sita kati ya nane. Kwa sarafu tupu, matokeo ya upande mmoja kiasi hicho au zaidi hutokea karibu mara 29 katika 100, kwa hiyo kwa hesabu hii pekee hatuna haki ya kusema lolote. Lakini tazama ukubwa wa tofauti: ilipopungukiwa, mbegu mpya ilipungukiwa kidogo, na iliposhinda ilishinda kwa wingi. Wastani wa tofauti ni kilo 0.4. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake, ni kilo 0.43, na tukiugawanya kwa kipeuo cha pili cha nane tunapata kosa sanifu la wastani, yaani kadirio la jinsi wastani wenyewe unavyoweza kuyumba kwa bahati, takriban kilo 0.153. Wastani ukigawanywa kwa kosa sanifu unatoa t ya 2.6, na jedwali la t kwa jozi nane linadai angalau 2.365 ili kuvuka mpaka wa asilimia 5. Mpaka umevukwa, na nadharia tete ya sifuri inakataliwa.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mkulima anapoumia. Kukataa nadharia tete ya sifuri hakumaanishi kwamba mbegu inalipa. Kutokana na vipimo vilevile tunaweza kukadiria kwamba faida halisi, kwa uhakika wa asilimia 95, iko kati ya kilo 0.04 na kilo 0.76 kwa kitalu. Ekari moja ina vitalu kama hivyo takriban 270, kwa hiyo wastani ni kilo 108 kwa ekari, zaidi kidogo ya gunia moja, lakini ukweli unaweza kuwa kilo 10 tu au ukazidi kidogo magunia mawili. Linganisha makadirio hayo na bei ya ziada ya mbegu na bei ya mahindi sokoni kwenu. Ikiwa gharama ya ziada ni thamani ya kilo 60 za mahindi, mbegu inaweza kulipa vizuri na inaweza pia kutia hasara, na jaribio moja halijatosha kuamua.

Kinyume chake nacho kina hatari. Jaribio lisilovuka mpaka halijathibitisha kwamba mbegu mbili ni sawa. Huenda vitalu vilikuwa vichache mno kuonyesha faida iliyopo. Afisa ugani anayeandika kwamba teknolojia fulani haina faida kwa sababu jozi nne hazikuonyesha tofauti anawanyima wakulima kitu ambacho hajakipima ipasavyo.

Kuna makosa mawili mengine yanayohitaji kukemewa. La kwanza ni kupima mahindi mia moja kutoka kitalu kimoja na kuyahesabu kama vipimo mia moja. Yote yamekula udongo mmoja. Hicho ni kipimo kimoja, na kinachoongeza uhakika ni vitalu zaidi. La pili ni kujaribu bidhaa nyingi kwa wakati mmoja na kutangaza ile iliyong'ara. Ukipima dawa za majani 20 zisizo na faida yoyote, kila moja kwa mpaka wa asilimia 5, uwezekano wa angalau moja kuonekana inafaa kwa bahati ni karibu asilimia 64, na hiyo moja ndiyo itakayoandikwa kwenye tangazo. Iliyong'ara irudishwe shambani peke yake kwa jaribio jipya.

Kitalu kikiliwa na mbuzi, ondoa jozi nzima na uandike sababu. Lakini mimea ikianguka kwa upepo kwa kuwa mbegu ile ina shina dhaifu, kitalu hakiondolewi, kwani hilo ni sehemu ya jibu.

Kwa kikundi chenye wanachama kumi, ushauri wangu ni kila mwanachama aweke jozi moja kwenye shamba lake badala ya jozi kumi katika shamba la mwenyekiti. Hesabu ni ileile, ila tofauti zitatawanyika zaidi kwa kuwa udongo na usimamizi vinatofautiana, na kwa sababu hiyo mbegu itakayovuka mpaka itakuwa imepimwa katika hali halisi za kijiji chenu. Rudieni msimu unaofuata kwa mpangilio uleule, sarafu ikirushwa upya, kwa kuwa mbegu iliyofanya vizuri mwaka wa mvua nyingi haijapimwa bado katika mwaka wa ukame.