Kani, tungamo na mchapuko: kigari cha misumari kilichotukesha Ujiji

Juzi mpwa wangu kaja na kazi ya shule, aonyeshe kwamba kitu ukikivuta kwa nguvu zaidi (hiyo ndo kani) kinachapuka zaidi, yaani mwendo wake unaongezeka haraka zaidi, na kikiwa kizito (tungamo kubwa) kinachapuka kidogo. Nikamwambia mjomba hiyo ndogo, nusu saa tumemaliza. Tulimaliza kesho yake jioni.

Hatua ya 1: vifaa. Ubao ulionyooka wa kama mita moja, kigari cha magurudumu ya beringi, kapi dogo la kufunga ukingoni mwa meza, mshipi mwembamba wa kuvulia, misumari robo kilo, simu. Kigari chetu kina gramu 400. Msumari mmoja mmoja usipime, mizani ya dukani haiuoni, we hesabu yote, gawa 250 kwa idadi yake, kisha funga mafungu matano ya gramu 20. Mshipi unafungwa kwenye kigari, unapita juu ya kapi, na mafungu yananing'inia mwisho wake yakikivuta.

Hatua ya 2: ua msuguano. Hapa ndo tulipolala. Fungu moja linavuta kwa kani ya kama nyutoni 0.2 tu (nyutoni ni kipimo cha kani), sasa msuguano ukila nusu yake unapima nini? Dawa yake ni kuinamisha ubao, unachomeka madaftari upande wa nyuma, moja moja, bila kuning'iniza chochote. Kosa letu tuliinamisha mpaka kigari kikaanza kuondoka chenyewe, kumbe hapo umeshapitiliza, maana msuguano wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kinachotembea. Unatakiwa ukisukume kidogo kwa kidole, kiende mwendo uleule mpaka mwisho, kisipunguze wala kisiongeze. Macho yanadanganya, rekodi video uone kama sentimita 30 za mwanzo na 30 za mwisho zimechukua muda sawa. Halafu kuna mtu (mimi) alipaka beringi mawese kwa sababu huku Kigoma hayakosi jikoni, asubuhi yameganda na magurudumu hayazunguki, tukaosha na petroli tukaanza upya. Tumia mafuta ya cherehani. Na ukigusa magurudumu tu, rudia kuinamisha. Ukiongeza mzigo huna haja ya kurudia, msuguano unaongezeka na mteremko nao unavuta zaidi kwa kiwango kilekile.

Hatua ya 3: badili kani. Ning'iniza fungu moja, manne yapande kigari. Kisha mawili kwa matatu, kisha manne kwa moja. Usichukue misumari ya pembeni! Kinachoning'inia nacho kinatembea, kwa hiyo kimo kwenye tungamo, na jumla lazima ibaki gramu 500 muda wote.

Hatua ya 4: muda. Saa ya kubonyeza mimi siitaki, kidole kinachelewa. Rekodi video ya picha 30 kwa sekunde, nje mchana, maana kwenye giza simu nyingine zinapunguza picha kimyakimya. Fungua VLC (programu ya kuchezea video) kwenye laptop, bonyeza E, inasogea picha moja moja. Sisi tulipima sentimita 60, meza ni fupi, ukizidisha misumari inagonga sakafu kabla kigari hakijafika. Tulipata picha 52, 37 na 26. Mpwa wangu akanuna, kani imeongezeka mara mbili mbona muda haujawa nusu? Hautakuwa nusu. Mchapuko ni umbali mara mbili, gawa kwa muda mara muda. Gawa picha kwa 30 upate sekunde, umbali weka mita 0.60, piga hesabu: 0.40, 0.79, 1.60. Hizo ndo zinaongezeka mara mbili mbili.

Hatua ya 5: badili tungamo. Rudi mafungu mawili yaning'inie, pandisha chupa ya maji ya nusu lita kwenye kigari, jumla inakuwa kama kilo moja. Picha 52 tena, yaani mchapuko umerudi 0.40, sawasawa na fungu moja likivuta nusu kilo. Chupa ijaze mpaka mdomoni, ikiwa nusu maji yanacheza na kigari kinaenda kwa kushtuka shtuka.