Kukata tiketi za ndege za kuunganisha kutoka Pemba na Unguja: hatua kwa hatua

Mama mmoja wa Wete alinijia na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa tiketi ya ndege ndogo ya kutoka Pemba hadi Dar es Salaam, na ya pili ilikuwa tiketi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Toronto kupitia Addis Ababa, ambako binti yake alikuwa karibu kujifungua. Kila karatasi ilikuwa sahihi peke yake, lakini ndege ndogo ilikuwa inatua saa kumi jioni na ile kubwa ilikuwa inaondoka saa kumi na moja na nusu, na kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuruka. Mama alikuwa amebakiwa na nusu saa ya kushuka, kuchukua mizigo, kutafuta gari na kufika Jengo la Tatu la abiria, ambako ndiko kaunta hizo za safari za nje ziliko. Tuliirekebisha safari yake kwa wakati, na nikaona niandike utaratibu ninaoufuata, kwa sababu makosa ya namna hii hutokea mahali pale pale kila mara: pale tiketi mbili zinapokutana.

Hatua ya 1: Andika safari nzima kwa saa za aina mbili

Usianze na simu. Chukua karatasi na penseli, andika kila ndege kwenye mstari wake, na mbele ya kila mstari andika saa ya tiketi na saa yetu ya Kiswahili. Tiketi huandikwa kwa saa 24 za mahali ndege ilipo, kwa hiyo 03:20 ni saa tisa na dakika ishirini usiku, wala si saa tatu. Oman imetutangulia kwa saa moja, ilhali Ethiopia na Qatar tuko nazo sawa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye tarehe. Ndege ya 01:40 ya tarehe 14 huondoka saa saba na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14, maana yake msafiri anatakiwa awe uwanjani tarehe 13 usiku, na kama anatoka Pemba, awe ameshavuka tarehe 13 mchana au kabla ya hapo. Kwetu jambo hili lina mtego wa ziada, kwa sababu kwa hesabu ya wazee siku huanza jua linapotua, na anayesema usiku wa Ijumaa huwa anakusudia usiku unaofuata Alkhamisi. Kijana wa duka la tiketi akimuuliza mzee, "Ni usiku wa Ijumaa?" na mzee akaitikia, kila mmoja anaweza kuwa na usiku wake. Ndiyo maana sikubali siku itajwe bila tarehe.

Hatua ya 2: Chagua uwanja wa kuanzia

Mnaweza kuanzia Unguja au Dar es Salaam. Tafuta bei za viwanja vyote viwili, kisha ongeza kwenye bei ya Dar es Salaam gharama ya kuvuka, ya gari na ya malazi kama italazimu kulala. Mara nyingi tofauti iliyoonekana kubwa humalizika hapo. Mimi huanzia Unguja kila inapowezekana.

Hatua ya 3: Tafuta kwa kompyuta

Simu hukuonyesha bei na huficha masharti. Mimi hutumia ITA Matrix, tovuti ya kutafutia nauli, ambayo haiuzi tiketi lakini hueleza nauli imejengwaje, kisha nikanunua kwa shirika lenyewe au kwa wakala wa mjini ninayeweza kumwendea na kukaa mbele yake. Sipendekezi tovuti za madalali wa mbali wanaotoa bei nafuu kidogo. Ndege ikibadilishwa, shirika litakurudisha kwao, nao hawana baraza unayoweza kwenda kukaa ukasubiri jibu.

Hatua ya 4: Soma masharti ya nauli kabla ya kulipa

Masharti ya nauli yamepangwa kwa vifungu vyenye namba, na lugha yake ni ya mkato, lakini huhitaji kuvisoma vyote. Kifungu cha 5 kinaeleza tiketi ikatwe siku ngapi kabla ya safari. Cha 6 na cha 7 vinaeleza muda mfupi na muda mrefu kabisa wa kukaa kabla ya kurudi, na anayekwenda kumlea mzazi aangalie cha 7 kwa makini, kwa sababu zipo nauli za miezi mitatu zinazofanana kabisa kwa sura na zile za mwaka mmoja. Cha 8 kinahusu kusimama njiani: katika safari za kimataifa, ukikaa katika mji wa kati kwa zaidi ya saa 24, hapo huhesabiwi tena kuwa unaunganisha, na nauli inaweza kubadilika.

Kifungu cha 16 ndicho cha adhabu, nacho usikiruke. Kinatenganisha mambo manne ambayo watu huyachanganya: kubadilisha kabla ya safari kuanza, kubadilisha baada ya kuanza, kurejeshewa fedha, na kutofika uwanjani bila taarifa. Neno kwamba kubadilisha ni bure lina maana kwamba hakuna faini. Tofauti ya nauli iko pale pale, na hiyo ndiyo huwa kubwa. Pale nauli mbili zilipounganishwa katika tiketi moja, mara nyingi sharti lililo kali zaidi hutawala tiketi yote. Na hata tiketi isiyorejeshwa fedha, kodi za viwanja ambavyo hukuvitumia kwa kawaida zinaweza kudaiwa, kwa hiyo usiitupe karatasi kabla ya kuuliza.

Kwa wenye watoto: mtoto wa chini ya miaka miwili husafiri kwa nauli ndogo akiwa amepakatwa, lakini akitimiza miaka miwili kabla ya ndege ya kurudi, atahitaji kiti chake mwenyewe.

Hatua ya 5: Amua kama ni tiketi moja au tiketi mbili

Hatua hii ndiyo iliyonigharimu zaidi, na naomba isomwe polepole.

Tiketi moja ina namba moja ya tarakimu 13, na ndani yake kila ndege ina kuponi yake, yaani kipande cha tiketi cha kupandia ndege hiyo. Ukinunua hivyo, shirika limekubali kukufikisha mwisho wa safari. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, ni juu yao kukutafutia nyingine. Mfumo wenyewe hauuzi kiungo, yaani nafasi kati ya ndege moja na inayofuata, kilicho kifupi kuliko muda wa chini uliowekwa kwa uwanja ule, na begi kwa kawaida huandikiwa hadi mwisho.

Lakini tiketi moja ina sharti lake: kuponi hutumika kwa mpangilio. Nilijifunza hili kupitia kwa shangazi yangu. Nilimkatia tiketi ya kwenda Jeddah kwa umra, iliyoanzia Unguja, ikapita Dar es Salaam na mji mmoja wa kati. Wiki moja kabla ya safari alikwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mjukuu wake. Nikamwambia mimi mwenyewe, "Shangazi, hakuna haja ya kurudi Unguja, nenda uwanjani hapo hapo." Siku ya safari akanipigia kutoka kaunta: "Mwanangu, wanasema sina safari." Kwa kuwa hakupanda ndege ya Unguja, mfumo ulihesabu kwamba hakufika, na kuponi zote zilizofuata, pamoja na za kurudi, zikafutwa. Nilikaa kwenye simu kwa saa nne, ndege ikaondoka, na aliposafiri siku ya pili yake tulilipa faini pamoja na tofauti ya nauli iliyokaribia bei ya tiketi ya mwanzo. Yeye hakuwa na kosa lolote. Aliifuata kauli yangu.

Inaonekana kama dhuluma kunyimwa kiti ulichokilipia, lakini sababu iko katika namna nauli inavyouzwa. Shirika huuza mwanzo na mwisho wa safari, haliuzi vipande. Safari ya Unguja hadi Istanbul kupitia Addis Ababa inaweza kuwa rahisi kwa bei kuliko ya Unguja hadi Addis Ababa peke yake, na ukiacha kipande unakuwa umenunua safari nyingine yenye bei nyingine. Kwa hiyo, kama mipango imebadilika na utaanzia Dar es Salaam, piga simu kabla ndege ya kwanza haijaruka. Kabla ya hapo ni mabadiliko ya kawaida. Baada ya hapo ni kutofika, ambako kuna faini yake na pengine hakuna kurejeshewa chochote. Usikubali jibu la mdomo tu. Omba utumiwe tiketi mpya iliyotolewa upya na uangalie kwamba kuponi za kurudi zimo.

Katika kurudi, anayetaka kuishia Dar es Salaam aangalie herufi tatu kwenye kitambulisho cha begi. Ikiwa zimeandikwa ZNZ, begi linakwenda Unguja hata kama mwenyewe ameshuka. Aombe DAR mapema, na ajue kwamba anaweza kukataliwa.

Tiketi mbili ni mikataba miwili isiyojuana. Ndege ndogo za Pemba mara nyingi hazimo katika mifumo ya mashirika makubwa, kwa hiyo msafiri wa Pemba huwa na tiketi mbili apende asipende. Hapo yapo mambo matatu. La kwanza ni muda. Ndege hizo kwa kawaida huruka mchana, na mvua za masika huzichelewesha. Boti nayo ina kusi, ambapo bahari huchafuka na safari zinaweza kusimamishwa. Mimi simruhusu mtu avuke siku ile ile ya safari kubwa. Avuke jana yake, na wakati wa masika au kusi avuke juzi yake. Ikiwa hana jamaa Unguja, malazi ya usiku mmoja ni nafuu kuliko tiketi iliyokufa.

La pili ni mzigo. Yule mama wa Wete alikuwa na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, kama tiketi ya Toronto ilivyomruhusu. Ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15, tena katika begi laini, kwa sababu sehemu ya mizigo iko chini ya tumbo la ndege na begi gumu halikunjiki. Tuliyatanguliza mabegi yake kwa boti kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, mpwa wake akayapokea Unguja.

La tatu ni viza, kwa wale wanaounganisha tiketi mbili katika nchi ya kati. Begi lako litaishia hapo, kwa hiyo itabidi upite uhamiaji, ulichukue na uingie upya kama abiria mpya. Kama nchi hiyo inakutaka viza, bila viza safari yako imekwama, na aghlabu utazuiwa kabla hujapanda ndege ya kwanza. Yapo mashirika yanayokubali kuandikia begi hadi mwisho hata kwa tiketi mbili, na yapo yanayokataa kabisa. Uliza kabla ya kulipa, usiulize kaunta.

Hatua ya 6: Jaza majina na ulipe

Fuata pasi herufi kwa herufi, jina la ukoo mahali pake, na majina yafanane katika tiketi zote mbili.

Hatua ya 7: Baada ya kulipa

Herufi sita unazopewa unapowekewa nafasi si tiketi. Tafuta ile namba ya tarakimu 13. Kama haipo, fedha zimetoka lakini tiketi haijatolewa, na nafasi inaweza kufutwa usiku huo huo. Kisha angalia ratiba kila wiki, kwa sababu mashirika husogeza saa, na kiungo kilichokuwa cha saa tatu kinaweza kubaki cha dakika arobaini. Shirika likisogeza saa lenyewe, mara nyingi utabadilishiwa bila malipo, ilimradi uwahi kuomba.

Yule mama tulimsogezea ndege ya Pemba siku moja nyuma na tukamwanzishia safari Unguja, baada ya shirika kumtolea upya tiketi ya Toronto. Karatasi yake niliiandika kwa herufi kubwa, saa zetu kwa wino wa buluu na saa za tiketi kwa wino mwekundu, nikaikunja ndani ya pasi yake kwenye ukurasa wa viza.