Ekstenda ya Wi-Fi: tafuta pa kuiweka kabla ya kugusa mipangilio

Kazi yangu ni kufunga ruta na kamera hapa Jinja, Uganda, kuanzia Walukuba na Mpumudde hadi Njeru ng'ambo ya Nile, na simu ninazopigiwa kuhusu ekstenda karibu zote zinafanana: "Fundi, taa inawaka, jina la Wi-Fi naliona, lakini hakuna kinachofunguka." Huwa nauliza kwanza imechomekwa wapi. Naambiwa ni chumba kilekile ambacho mtandao haukuwa ukifika. Sasa ikiwa mawimbi ya ruta hayafiki humo, ekstenda itarusha nini? Kazi yake ni kupokea na kurudia tu. Ikipokea makapi, itagawa makapi. Kinachowachanganya watu ni vile vijistari vya kwenye simu: vinajaa vyote, kwa sababu vinapima umbali wako na ekstenda, havijui kama ekstenda yenyewe inaisikia ruta.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Weka kwenye simu ya Android programu ya bure inayoitwa WiFi Analyzer, simama kando ya ruta, kisha tembea polepole kuelekea kule unakotaka mtandao ufike. Utaona namba zenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -40 ni safi sana, -70 ni dhaifu, -85 hapo hakuna kitu. Mwenye iPhone aazime Android ya mtu, maana programu za kawaida za iPhone hazionyeshi namba hizo. Unatafuta mahali penye -55 hadi -65. Hapo ndipo pa ekstenda, hata kama ni koridoni ambako hakuna anayekaa.

Kuna hajati mmoja Walukuba, ana cherehani zake chumba cha nyuma, na alitaka kifaa kikae humohumo. "Ndiko ninakoshinda, mwanangu, nikiweke koridoni kwa faida ya nani?" Tukapima pamoja. Sebuleni, kando ya ruta, -38. Mlango wa korido, -57. Jikoni, -69, ingawa jikoni na korido vimeachana kwa hatua chache tu, kwa sababu katikati pamesimama friji na ukuta mnene. Kwenye cherehani, -84. Tulipoichomeka koridoni, kule kwenye cherehani ekstenda ikasomeka -61 na video zake za mitindo zikaanza kwenda bila kusimama. Mabishano yaliishia hapo.

Vitu vya kuvikwepa vinajulikana: mabati, friji, kioo kikubwa cha kabati, tangi la maji, zege lenye nondo. Mabati yanayarudisha mawimbi kama yanavyorudisha jua, na maji yanayanywa. Ukuta wa matofali mmoja unapenyeka, wa pili unaumiza. Na kabla hujanunua chochote, jaribu kuisogeza ruta yenyewe. Kama ni ya laini ya 4G, itataka kukaa karibu na dirisha linaloelekea mnara, lakini isifichwe nyuma ya televisheni. Nimewahi kuondoka kwenye nyumba nimeacha mtandao unafika kila chumba, na ekstenda bado iko kwenye boksi.

Neno moja kuhusu soketi. Ekstenda nyingi za bei nafuu zinakuja na pini mbili za mviringo, wakati soketi zetu ni za pini tatu bapa. Watu huchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili pini mbili ziingie. Usifanye hivyo. Pini hazikai imara, umeme unakatika na kurudi kila mlango unapofungwa kwa nguvu, na siku moja soketi inayeyuka. Nunua adapta ya pini tatu inayobana vizuri. Nusu ya ekstenda ninazoambiwa "inajizima yenyewe" hazina ugonjwa mwingine.

Sasa kuiunganisha. Fanya kazi hii ukiwa chumba kimoja na ruta, utaihamisha baadaye. Kama ruta ina kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha bila kuandika neno la siri, kibonyeze, kisha ndani ya dakika mbili bonyeza cha ekstenda, usubiri taa itulie. Ruta nyingi za laini hazina kitufe hicho au kimezimwa, basi tumia simu. Zima data ya simu kwanza. Hili usiliruke, kwa sababu simu ikiona Wi-Fi ya ekstenda haina intaneti, inarukia data kimyakimya na ukurasa wa mipangilio haufunguki kamwe. Ingia kwenye Wi-Fi ya ekstenda, simu ikilalamika kwamba hakuna intaneti iambie ubaki, kisha fungua kivinjari na uandike anwani iliyo kwenye kibandiko cha nyuma. Za TP-Link hutumia tplinkrepeater.net, na vile vidude vyeupe visivyo na jina mara nyingi ni 192.168.10.1. Chagua Wi-Fi ya nyumbani kwako, andika neno lake la siri ukiangalia herufi kubwa na ndogo, hifadhi. Hapohapo badilisha na neno la siri la kuingilia mipangilio, maana likibaki "admin" mpangaji yeyote mwenye kijana mtundu atakuwa bosi wa mtandao wako.

Ekstenda isipoiona ruta kabisa, usikimbilie kuirudisha dukani. Wi-Fi hurushwa kwa mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz, na ekstenda ndogo nyingi zinasikia 2.4 GHz peke yake. Kama ruta inarusha 5 GHz tu, hazitaiona hata zikiwekwa juu yake. Ingia kwenye ruta uwashe 2.4, ambayo ndiyo inayopenya kuta vizuri zaidi. Angalia na chaneli, yaani njia ambayo ruta inarushia mawimbi yake: ruta ikijichagulia ya 12 au 13, baadhi ya ekstenda hazifiki huko, kwa hiyo ifunge kwenye 1, 6 au 11, ile ambayo WiFi Analyzer inaonyesha majirani wachache. Na ruta mpya iliyowekwa ulinzi wa neno la siri wa WPA3 peke yake itaikataa ekstenda ya zamani. Weka WPA2, au mchanganyiko wa zote mbili.

Ilikuwa inafanya kazi, imeacha? Uliza nani alibadilisha neno la siri la ruta. Ekstenda haiambiwi, inaendelea kugonga mlango kwa neno la zamani huku taa yake ya umeme ikiwaka kwa raha. Ibonyeze katika kitundu cha kurudisha upya kwa pini, kama sekunde kumi, uanze tena. Ikiwa tatizo linakuja kila umeme unaporudi, sababu ni nyingine: ekstenda inaamka haraka, ruta ya 4G bado inatafuta mnara, ekstenda inakata tamaa. Ichomoe, subiri ruta iwe na intaneti, ndipo uirudishe. Na kabla ya yote hayo jiunge moja kwa moja na ruta. Kama hata hapo hakuna kitu, huenda bando limekwisha, na ekstenda haiuzi bando.

Tena, Facebook isipofunguka huku WhatsApp na YouTube zinakwenda, msinipigie. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na ekstenda haina la kufanya kuhusu hilo.

Kasi nayo ina maneno mengi. Ekstenda ya mawimbi ya aina moja inapokea na kutuma kwa redio ileile, haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Ukipima kasi ukapata Mbps 20 kwenye ruta na 9 kwenye ekstenda, huo ni uzima. Ukipata 20 na 1, rudi kwenye kupima mahali. Zile zenye mawimbi mawili zinaweza kupokea kwa 5 GHz na kugawa kwa 2.4, hasara inapungua, na kama mfuko unaruhusu mimi ningenunua hiyo.

Jina je, liwe lile la ruta au tofauti? Kwa televisheni au kompyuta isiyohama, mpe ekstenda jina lake, ili kifaa kisijichanganye. Kwa watu wanaotembeatembea nyumbani na simu, jina moja linapendeza, ila simu nyingi zinang'ang'ania ruta ya mbali hadi pumzi ya mwisho. Ukiona hivyo, zima Wi-Fi ya simu na uiwashe tena ukiwa karibu na ekstenda.

Mwishowe kuna nyumba ambazo ekstenda si dawa. Vyumba vya uani, ng'ambo ya kuta mbili na uwanja, nawashauri wavute waya wa mtandao, ule wa nje wenye ganda jeusi, ambao unafika hadi mita 100, kisha kule mwisho waweke ekstenda yenye tundu la waya au ruta nzee, na kwenye mipangilio wachague "Access Point" badala ya "Repeater". Hapo kasi haikatwi nusu. Dai waya wa shaba tupu, wa alumini iliyopakwa shaba unavunjika na kuchosha mtu. Na kwa kuwa sisi wa kando ya ziwa tunajua radi inavyopiga, wingu likianza kunguruma chomoa waya huo pande zote mbili, pamoja na plagi za umeme. Kuzima swichi ya ukutani pekee hakutoshi.