Jinsi ya kuomba leseni ya kutafuta dhahabu Dodoma, hadi mtambo wa kuchoronga ufike porini

Kampuni ndogo ikishapata fununu ya dhahabu, huku Chamwino, Mpwapwa au ng'ambo ya Manyoni, jambo la kwanza wakurugenzi wanaloulizia ni fomu. Wanataka kujua fomu ipo wapi, inalipiwa kiasi gani na inachukua muda gani. Naelewa haraka hiyo, kwa sababu leseni hutolewa kwa utaratibu wa anayetangulia kuomba. Lakini maombi ya utafutaji hayabebwi na fomu. Yanabebwa na mpango wa kazi, na mpango huo ndio utakaokuhukumu miaka yote utakayokuwa na leseni. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia huko.

Kwanza hakikisha unaomba leseni inayokufaa. Sheria ya Madini, Sura ya 123, inatenganisha leseni ya utafutaji, ambayo watu wote wa madini wanaiita PL, na leseni ya uchimbaji mdogo, yaani PML. PML ni ya Watanzania pekee, eneo lake kwa dhahabu halizidi hekta 10, na hutolewa kwa miaka 7. Inamfaa anayejua mshipa ulipo na anataka kuchimba. Kampuni inayotaka kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mtambo na kuchukua sampuli, ili ijue kama kuna kitu chini ya ardhi inahitaji PL. PL haikuruhusu kuchimba na kuuza dhahabu hata gramu moja. Inakupa haki ya kutafuta, peke yako, madini yaliyotajwa kwenye leseni, ndani ya mipaka yako.

Usichore mipaka kabla ya kusoma eneo

Bahati nzuri ya kufanyia kazi hii Dodoma ni kwamba Tume ya Madini na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, zote zina makao makuu hapa hapa mjini. Nenda GST kabla ya kwenda kwingine kokote. Omba karatasi ya ramani ya jiolojia ya eneo lako (wenyewe wanaiita QDS), ripoti za watafutaji waliotangulia, na takwimu za upimaji wa kutumia ndege. Upimaji wa zamani wa nchi nzima ulifanyika miaka ya 1970 ukikaribia 1980, na haukuwa wa kina. Kufikia mwaka 2024 upimaji wa kina ulikuwa umefikia takriban asilimia 16 tu ya nchi, na Wizara ya Madini imejiwekea lengo la kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Uliza eneo lako liko upande gani, maana jibu hilo litabadilisha bajeti yako.

Jiolojia ya kati ina tabia zake. Sehemu kubwa ni graniti na naisi za kale sana, na katikati yake hupita mikanda myembamba ya miamba ya kijani na kanda za mipasuko zenye mishipa ya kwatzi. Ukanda wa namna hiyo ndio uliobeba Sekenke huko Singida, ambako Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mkoa huo huo ndio wenye mgodi wa Mang'onyi, Ikungi, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023. Shida ni kile kinachofunika miamba hiyo. Upande wa Bahi utakuta udongo mweusi wa mbuga na tabaka gumu la chokaa. Sampuli za udongo zilizochukuliwa juu ya chokaa hiyo zinaweza kukwambia hakuna kitu wakati kipo, kwa sababu dalili zimezibwa chini. Kama eneo lako liko hivyo, andika mapema kwenye mpango kwamba utachoronga mashimo mafupi ya kupenya tabaka la juu na kuchukua sampuli kwenye mwamba wenyewe. Ofisa anayesoma maombi ataona kwamba unajua unachokwenda kukifanya.

Kisha hamia kwenye kodineti, yaani namba zinazoonyesha pembe za eneo lako ziko wapi duniani. Hapa ndipo maombi mengi yanapopinda. Ramani zetu za zamani na daftari la leseni vimejengwa juu ya mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi na simu yako husoma mfumo mwingine, WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo kwa huku kwetu ni kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Kwa eneo la kilomita za mraba 40 unaweza kuona si kitu, lakini kama mshipa unaoufuata uko pembeni mwa mpaka, mita 300 zinatosha kuuacha kwa jirani. Kuna jingine la Dodoma hasa: mstari wa nyuzi 36 mashariki unakata mkoa huu. Dodoma mjini na Bahi wako kanda ya 36 ya UTM (gridi ya ramani inayohesabu kwa mita), Kongwa na Mpwapwa wako kanda ya 37. Ukichanganya kanda mbili kwenye jedwali moja, pembe za eneo lako zitaangukia mamia ya kilomita mbali. Andika nyuzi, dakika na sekunde, na taja mfumo uliotumia juu ya jedwali.

Ukishapata pembe, zilinganishe na ramani ya leseni ya Tume. Angalia PL za wengine, PML zilizomo ndani, maeneo yaliyotengwa kwa wachimbaji wadogo, hifadhi za misitu na za wanyama, na vyanzo vya maji. Visima vya Makutupora vinavyohudumia jiji si mahali pa kujaribu bahati. PML iliyokuwapo kabla yako hubaki ya mwenyewe hata ikiwa katikati ya eneo lako, na ni vizuri uende ukamfahamu mwenyewe uso kwa uso kabla hajaliona gari lako likipita.

Mpango wa kazi na bajeti

Muda wa kwanza wa PL ni hadi miaka 4. Ikihuishwa mara ya kwanza ni hadi miaka 3, mara ya pili hadi miaka 2, na unapohuisha unaachia nusu ya eneo. Mpango wako uendane na saa hiyo. Mwaka wa kwanza uwe wa kusoma kumbukumbu, kuchora ramani ya miamba na kuchukua sampuli za udongo na mawe. Mwaka wa pili uwe wa kukaza sampuli pale palipoonyesha dalili, mitaro na upimaji wa sumaku ardhini. Uchorongaji wa awali uje baada ya hapo. Kampuni inayoandika kwamba itachoronga mwezi wa tatu bila hata sampuli moja ya udongo inajionyesha kuwa haijui inachochoronga.

Sehemu ya uchorongaji iandikwe kwa tarakimu, si kwa maneno makubwa. Tuseme unapanga mashimo 12 ya mita 80 kila moja, yaliyolazwa nyuzi 60 ili yaukate mshipa badala ya kuufuata. Hizo ni mita 960. Kwa mtambo wa upepo unaotoa mchanga wa mwamba, wanaouita RC, unachukua mfuko mmoja kila mita, yaani mifuko 960. Unaweza kupeleka maabara kwanza mchanganyiko wa mita nne nne, sampuli 240, kisha ukarudia mita moja moja pale tu dhahabu ilipojitokeza. Katika kila sampuli 20 weka moja ya kuijaribu maabara: jiwe lisilo na dhahabu, au unga wenye kiwango kinachojulikana, au marudio ya sampuli iliyopita. Dhahabu ya kwatzi huwa na chembe kubwa zilizotawanyika ovyo, na bila marudio hutajua kama gramu 8 kwa tani ulizoziona ni za mshipa au za chembe moja iliyoangukia kwenye mfuko. Mtambo wa kutoa mwamba mzima wenye umbo la gogo, yaani sampuli choronge, ni ghali zaidi. Uache hadi RC ikupe sababu.

Bajeti ifuate mistari hiyo hiyo: mita, sampuli, mafuta, mishahara, fidia za mazao, kufukia mashimo. Usitie tarakimu kubwa ili kupendeza. Ukipewa leseni, kiasi ulichoandika kinakuwa ahadi, na miaka ya karibuni Wizara imekuwa ikifuta leseni na maombi ya watu walioshikilia maeneo bila kufanya kazi.

Kuwasilisha maombi

Hii ndiyo hatua fupi kuliko zote kama hayo ya juu yamekamilika. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tume ya Madini. Kampuni inajisajili kwa vyeti vyake vya BRELA, katiba ya kampuni, TIN na taarifa za wakurugenzi na wenye hisa. Kisha unaingiza kodineti, unataja kundi la madini na kupakia mpango wa kazi na bajeti, uthibitisho wa uwezo wa fedha (taarifa ya benki au hesabu zilizokaguliwa), wasifu wa mjiolojia atakayesimamia, mpango wa ushirikishwaji wa Watanzania, mpango wa ajira, mafunzo na manunuzi ya ndani, na ahadi ya uadilifu. Mfumo unakupa namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo, benki au kwa simu, na usimpe mtu fedha mkononi kwa sababu yoyote ile. Ada ya mwaka ya PL hupigwa kwa kilomita ya mraba na hupanda kila unapohuisha, kwa hiyo usiombe eneo usiloweza kulilipia mwaka wa tatu.

Ukikwama, ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa ndiyo pa kwenda. Nenda na nakala zilizochapishwa, na ramani yenye pembe zilizopewa herufi A, B, C na D. Mazungumzo huwa mafupi ramani ikiwa mezani.

Leseni si ruhusa ya kuingia shambani

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona mitambo ikilala barabarani kwa ajili ya sehemu hii, na leseni ikiwa ndani ya gari.

Sheria inakutaka upate ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, au ndani ya mita 50 kutoka shamba lililolimwa au lililoandaliwa. Majosho, mabwawa na maeneo ya makaburi nayo yana kinga yake. Anzia kwa Mkuu wa Wilaya upate barua ya utambulisho, ipitishe halmashauri, ndipo uende kijijini. Muone Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti, omba kikao cha Halmashauri ya Kijiji, kisha mkutano wa kijiji. Omba nakala ya muhtasari wenye sahihi na mhuri. Usiende na wakili peke yake. Nenda na mjiolojia anayeweza kueleza kwa Kiswahili chepesi shimo litakuwa na upana gani na litakaa wazi siku ngapi.

Na jiandae kwa swali la maji. Ugogoni mtambo mrefu ukisimama juu ya lori, watu wanaona kisima. Wazee watakuuliza kama mtawaachia maji, na kina mama watakuja na ndoo siku ya pili. Jibu kwa ukweli: shimo la utafiti limelazwa, ni jembamba, halina bomba wala chujio, na kuligeuza kisima ni kazi nyingine yenye vibali vingine. Kama kampuni inaweza kuchangia kisima cha kijiji, kiwe mradi wake, wenye makubaliano yake. Usiahidi kwa mdomo ili mkutano uishe. Hata maji ya kutumia kwenye uchorongaji yanahitaji kibali cha bodi ya bonde, na mkoa huu umegawanyika: upande wa Bahi uko Bonde la Kati, Kongwa na mito ya Kinyasungwe iko Wami/Ruvu, kusini kunakomwaga Kizigo na Ruaha ni Rufiji. Uliza kijiji chako kiko bonde gani kabla ya kuandika barua.

Kuhusu mazingira, peleka maelezo ya mradi NEMC, baraza la taifa la mazingira, mapema na usubiri waseme kwa maandishi ni kiwango gani cha tathmini kinahitajika. Eneo likiwa ndani ya msitu wa hifadhi, TFS, wakala wa misitu, nao wana kauli.

Chagua majira. Mvua huku ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na lori la mtambo likizama kwenye mbuga ya Bahi mwezi wa Januari litakaa. Mtama, uwele na alizeti huvunwa Mei na Juni, na mashamba huanza kusafishwa tena Oktoba. Kati ya Julai na Septemba ardhi ni kavu, mazao yako ghalani na fidia inapungua. Pasipo na budi kupita penye mazao, hesabu mashina pamoja na mwenye shamba na afisa kilimo wa kata, lipa kabla ya tairi kupita, na weka picha.

Baada ya shimo la kwanza

Kazi inapaswa kuanza ndani ya miezi 3 tangu kupewa leseni, labda uombe muda zaidi. Haimaanishi kuchoronga; mjiolojia akiwa porini na nyundo, kazi imeanza. Ripoti hupelekwa Tume, na takwimu za jiolojia hupelekwa GST. Sampuli za kwenda nje ya nchi zinahitaji kibali, lakini GST wana maabara Dodoma, na kwa mashimo ya mwanzo hakuna haja ya kwenda mbali.

Kila shimo likimalizika, pima upya mdomo wake kwa GPS nzuri, liandike namba, ziba kwa kizibo chini ya usawa wa jembe, kisha fukia na sawazisha. Mifuko ya sampuli iliyobaki usiiache porini, kwa sababu ng'ombe hutafuna nailoni. Mwite Mwenyekiti wa Kijiji na mwenye shamba wapite shimo baada ya shimo, watie sahihi kwamba yamezibwa, na karatasi hiyo uiambatanishe kwenye ripoti inayofuata.