Nywele Zinapungua Wapi? Namna ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Wengi wanaoona nywele zao zikipungua hukimbilia duka la vipodozi kabla hawajajitazama vizuri, ilhali mahali zinapopungulia ndipo panapotoa habari ya kwanza kuhusu chanzo. Fumua misuko yote, kaa penye mwanga, kisha umwombe mtu akutazame utosini na kisogoni. Kupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida, na aliyekaa na rasta kwa wiki sita asishtuke kukuta fungu zima kwenye kitana, kwani zilizong'oka siku zote hizo zilikuwa zimenaswa ndani ya msuko.

Zikipungua kwenye paji la uso na juu ya masikio, mshukiwa wa kwanza ni msuko unaokazwa mno, hasa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha. Vipele vidogo kwenye mashina ya nywele ni dalili ya mapema. Tiba hapa ni kuacha kuzivuta: mwambie msusi alegeze, apunguze uzito wa rasta, na aziache nje nywele changa za pembeni. Usikubali kuambiwa kwamba msuko usiouma haudumu. Ukilazimika kumeza dawa ya maumivu ili ulale, msuko huo ni wa kufumua, si wa kuvumilia. Ukiwahi, nywele huota tena, takriban sentimita 1 kwa mwezi, lakini mvuto ukiendelea kwa miaka ngozi hufanya kovu, na penye kovu hakuna mafuta yanayootesha kitu.

Upungufu unaoanzia utosini kwa mwanamke na kupanuka, pengine ukiambatana na kuwasha au kuchoma, usiusubirie, kwa sababu nao huweza kuacha kovu. Kwa mwanamume, mara nyingi huo ni upara wa kurithi tu. Mabaka ya duara yaliyo laini, yasiyo na magamba, kwa kawaida hutokana na kinga ya mwili kushambulia mashina ya nywele, ilhali mtoto mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatika huenda ana mapunye, ambayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ya kupaka pekee haifiki shinani.

Zikipukutika kichwa kizima, hesabu nyuma miezi miwili au mitatu: je, ulijifungua, uliugua homa kali, au ulifanyiwa upasuaji? Aina hii mara nyingi hukoma yenyewe, ila omba upimwe damu na tezi ya shingo iwapo inaendelea.

Zahanati ikishindwa, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Huko Moshi, hospitali ya KCMC ina kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa fani hiyo. Nenda bila msuko wala mafuta kichwani, ukiwa na picha za zamani na vifungashio vya kila ulichopaka, maana krimu zisizo na lebo zinaweza kuwa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho. Ukiandikiwa minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, mweleze daktari kama una mimba au unanyonyesha, na usiiache kwa kuwa nywele zimezidi kudondoka wiki za mwanzo: hilo hutokea, na matokeo huanza kuonekana baada ya miezi minne hadi sita.