Bata mzinga wa Krismasi: mtoe kwenye friza mapema

Kwa mlio Kampala mkiwa na bata mzinga aliyegandishwa: mtoeni kwenye friza tarehe 22, si usiku wa mkesha. Wa kilo 5 huchukua siku mbili hadi tatu kuyeyuka ndani ya friji, akiwa kwenye sinia pana ili majimaji yake yasidondokee vyakula vingine. Kumwacha mezani usiku kucha ni hatari. Nje hupata joto na vijidudu huku tumboni bado ni barafu tupu.

Umechelewa? Mzamishe kwenye beseni la maji baridi, ndani ya mfuko usiovuja, ukibadilisha maji kila nusu saa. Huyo wa kilo 5 atataka saa tano hivi, kisha apikwe papo hapo. Usimwoshe. Toa tu kile kifuko cha maini na firigisi kilichofichwa tumboni, wengi hukisahau.

Oveni iwe nyuzi 165 za Selsiasi, kama saa tatu bila kumjaza kitu, hadi kipimajoto pajani kisome 74. Na umeme wetu mnaujua: sigiri iwe na mkaa tayari. Ukikatika, mkatekate bata vipande ummalizie kwenye sufuria palepale, matoke yangoje.